Karai Langu kwa Wachina

Biryogo, Kigali
14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Munyakazi,

Asalaam alaikum, wewe na watu wote wa Tabora. Mgongo unasemaje? Na yale meno ya bandia, bado yanabaki kwenye nyama? Mimi niko. Nakula, nalala, naamka. Ukiniuliza nimekula nini, sijui.

Ni tangu Mzee Lin afe, baada ya Idi. Yule Mchina wa barabara uliyemwita Bwana Lami. Sikulia. Mke wangu Shakira anazidisha pilipili, ananitazama kama kuku mgonjwa, mimi nameza tu.

Sasa Wachina wamefanya sherehe ya chama chao, huko Kagugu. Wana ukumbi, wana mwenyekiti kijana, Jun, shati limenyooka kama cheti. Wakatafuta mtu aliyeona chama kikianza. Wenzake Lin wamekufa au wamerudi kwao. Nimebaki mimi, fundi cherehani! Maana chama kilizaliwa chumba cha nyuma ya duka langu la zamani, kule Gatsata. Jumapili wanapika, wanagonga vigae vyao vya kuchezea, kelele kama mvua ya mawe. Hakikuwa na jina wala muhuri. Kilikuwa na makarai mawili: lao la nguruwe, na langu la samaki na mboga. Lin alilinunua mwenyewe, na ole wako uliguse na mwiko wa nguruwe.

Nikaenda na tamaa moja: nile tena kwenye karai lile, labda ulimi utaamka.

Nikasema historia, Ikirezi, binti wa ofisi yao, akatafsiri. Makofi. Wakanipeleka ukutani. Karai langu! Ndani ya kioo, limesuguliwa, taa juu yake kama bibi harusi.

"Muzehe, ni heshima yako," Ikirezi akasema.

"Na chakula changu kimepikwa kwenye nini?"

Ikirezi akamuuliza Jun. Jun akamwangalia mpishi. Mpishi akaangalia viatu.

"Muzehe... ndizi mbivu ziko."

Lin angevunja kile kioo kwa mwiko. Nikapanda moto, pikipiki ya abiria, kurudi, tumbo likinguruma mgongoni mwa dereva. Njaa, Munyakazi! Kitu cha kwanza nilichosikia tangu mtu yule afe.

Shakira akanipa maharage ya jana. Nikamwambia chumvi imezidi. Akalia yeye, mjinga. Mimi nikaongeza sahani.

Nisalimie shemeji Aidah na Shami. Mungu awape afya, na wewe akupe gundi ya meno.

Wako akupendaye hata ukiwa kibogoyo,
Kaka Shafiq