Maziwa Ambayo Sifa Aliyakataa

Jumamosi. Ukungu umelala juu ya malisho tangu asubuhi. Ng'ombe tunawasikia tu, hatuwaoni. Mwanangu Plamedi amesinzia mgongoni. Naandika kwenye simu nikiwa nimesimama, maana nikikaa tu anaamka.

Leo Papa, baba yetu, alikuwa na neno moja la kusema, ndiyo ao hapana. Tangu juzi nalingoja neno hilo.

Nieleze vizuri, maana kuna watu wanasoma hapa na hawatujui. Sifa ni mdogo wangu, ananiita yaya, dada mkubwa; ana miaka kumi na sita. Mama alitutoka Sifa akiwa bado anatambaa. Mgongo huu ulimbeba yeye kabla ya kumbeba Plamedi. Baba Plamedi yuko Walikale kwenye machimbo, kwa hiyo nimerudi kukaa kwa Papa, huku milimani juu ya Muheto. Sisi ni watu wa ng'ombe. Maziwa ndiyo chakula chetu, njo salamu yetu. Na kwetu, anayekupa maziwa anaonja kwanza yeye mwenyewe, wewe ukimwona, halafu anakupa. Ni heshima. Ni pia kwa sababu ya karuho, ile sumu ya polepole inayoogopwa na kila mtu hapa.

Mwaka jana Sifa akaanza kukataa maziwa.

"Wameweka kitu ndani," alisema. "Ni Mama Zawadi. Aliingia asubuhi wakati muko kwa ng'ombe."

Mama Zawadi ni jirani yetu, ua wake na wetu unagusana. Na sisi tulimwamini Sifa. Wote. Angesema mawe yanamwita jina, tungeshtuka siku ileile. Lakini alisema sumu, na sumu tunaijua, tumeisikia tangu utoto. Papa akaleta dawa ya mizizi ya kumtapisha. Alitapika mpaka macho yakaingia ndani. Mama Zawadi akaacha kupita kwetu. Watu wakaacha kunywa kwake.

Halafu siku moja nilikuwa nanyonyesha. Sifa akaja mbio, akamtoa Plamedi kifuani, akaanza kumpangusa mdomo kwa kitenge chake, machozi yanamtoka.

"Yaya, acha! Iko na karuho ndani!"

Maziwa ya kifua changu.

Nani angeingia humo akaweka sumu? Nilibaki nimeshika kifua, namwangalia. Hapo ndipo nilijua hakuna jirani wa kushtaki. Mdogo wangu anaumwa. Na hata katika kuumwa kwake, alikuwa anamwokoa mtoto wangu.

Nilimpeleka kituo cha afya, mvua na matope, Plamedi mgongoni, Sifa mkononi. Muuguzi akampa dawa, akatuambia kuna watu wanafanya utafiti juu ya vijana, wanataka kujua ugonjwa huu wa akili unaanzaje. Mmoja wao, daktari, ndiye anayemfuatilia Sifa sasa. Ila Sifa bado mtoto, bila ruhusa ya Papa hawezi kuendelea na matibabu. Na Papa, majirani wamemjaza masikio, alikuwa amepanga kumpeleka Jumatatu kwenye chumba kimoja cha maombi. Huko wagonjwa wanafunga kula, na dawa zinabaki mlangoni.

Mimi naomba kila siku. Lakini mtoto aliyetapishwa vile, umfungishe tena kula?

Leo daktari alifika na pikipiki kuchukua jibu, matope mpaka magotini. Papa alimwangalia kutoka juu mpaka chini.

"Sasa huyu mutoto njo daktari? Ata ndevu hazijaota!"

"Zitaota nikinywa maziwa ya hapa, Papa," yule kijana akajibu.

Papa akacheka bila kutaka. Akaonja maziwa, akampa. Kijana akanywa yote. Nikasema moyoni, angalau hapo tumeanza vizuri.

Kisha Papa akaacha kucheka. "Mimi nataka jibu moja tu. Nani alimufanyia mutoto wangu hivi?"

"Papa, sizani kuna muntu alimufanyia. Na sitakudanganya, ata sisi hatujui yote. Njo maana tunauliza. Tunaona inaanza mara nyingi kwa vijana, kichwa kingali kinajengeka. Kwa wengine iko ndani ya jamaa. Vita, kukimbia-kimbia, vinaweza kuongeza. Na inaanza polepole, watu wakiwa bado hawajaona."

Akanigeukia mimi. "Mama Plamedi, kabla ya kukataa maziwa, Sifa alikuwa namna gani?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Mwaka mzima watu wanauliza nani, nani, nani. Huyu anauliza lini.

Na nilipofungua kinywa, yakatoka mambo ambayo sikujua nimeyaweka. Kwamba Sifa aliacha korali ya kanisa, yeye mwenye sauti ya kwanza, akisema wenzake wanaimba juu yake. Kwamba darasani alianza kushuka, na tulisema ni uvivu. Usingizi ulimtoroka. Alikuwa akicheka na ndama wakati wa kukamua, kisha akakamua kimya, kisha hakuja tena. Tuliona kila kitu. Tuliyaita umri. Tulisema, wasichana wa miaka hiyo njo walivyo, itapita.

Daktari hakunilaumu. Alisema tu kwamba wanatafuta njia ya kumfikia mtoto pale kwenye korali, si pale kwenye sumu.

Hayo maneno nimeyaweka.

Papa alikuwa anachora udongo kwa fimbo yake. "Hii dawa inamulalisha kama kuku mugonjwa. Maombi hayalalishi muntu."

"Ya kulala tutaangalia, tunaweza kuipunguza kidogo kidogo. Asiache tu gafula. Na maombi musiache, Papa. Kufunga kula njo naomba asifunge."

Papa akaendelea kuchora. Nilikwisha kuisikia hapana ikija.

Ndipo Sifa akasema. Alikuwa amekaa mlangoni siku nzima kama mgeni.

"Papa, kichwani iko sauti kama radio ya jirani. Inaongea juu yangu tu. Nikimeza dawa, inaenda mbali."

Papa akainua kichwa. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akielezea, na si kulia tu. "Inaenda mbali kweli?"

"Mbali. Haizimiki. Lakini nasikia ng'ombe tena."

Papa akasimama, akaenda nyuma ya nyumba. Tukangoja. Alirudi na kikombe. Akaonja mbele ya Sifa, polepole, mpaka povu likabaki kwenye masharubu yake. Akampa.

"Meza dawa yako na hii. Mpaka maharagi ikomae, tuone."

Si ndiyo kubwa. Ni ndiyo ya msimu mmoja, yenye mipaka. Mimi naichukua.

Sifa aliangalia kikombe muda mrefu. Akanywa nusu.

Nusu!

Sijui kama atapona. Daktari hakuniahidi, na mimi sitaki kujidanganya. Najua tu kwamba Jumatatu haendi kufunga. Najua nitakuwa ninaonja kila kikombe chake, asubuhi na jioni, hata akifika kuwa mzee. Na akianza kurudi kimya, nitauliza lini, sitauliza nani.

Lakini kuna jambo linanisumbua. Maharagwe yakikomaa, majirani watakuja tena kwa Papa na neno lao la karuho. Maadamu watu wanaogopa kunywa kwa Mama Zawadi, wanaamini Sifa alilishwa sumu, na anayelishwa sumu hapewi dawa ya kituo, anatapishwa. Neno hilo sisi ndio tuliolitoa nje. Nani ataliondoa?

Kesho watu wakitoka ibadani, barabara ikiwa imejaa, naingia uani kwa Mama Zawadi. Pengine atanifukuza, ana haki. Asiponifukuza, nitaomba maziwa. Na akitaka kuonja kwanza, nitamshika mkono nimzuie.

Nitakunywa mimi, wote wakiona, Plamedi akiwa mgongoni.