Ipi Imeiva

Jumanne, 10 Juni 2025

Bado siku arobaini na nane. Nyayo zinawaka moto tangu alfajiri — nimeziloweka kwenye beseni la maji, uji nikanywa nimekaa hivyo hivyo. Vidole vya mikono navyo ganzi. Melkiory, mhudumu wetu wa afya, kaja na vidonge kama kila siku. Kanikodolea macho hadi nikameza cha mwisho, kisha nifunue mdomo akague. Na umri huu wangu! Anasema dawa za TB sugu ndivyo zilivyo, nivumilie. Avumilie yeye.

Siku arobaini na nane, halafu Joanitha wangu anarudi kutoka Nyakasimbi, kwa mama yangu. Nesi alishasema siambukizi tena. Mama mkwe hataki kusikia: mtoto atarudi dozi ikiisha. Na Cleophace, mume wangu, kwa mama yake hafurukuti.

Ijumaa, 20 Juni

Aibu! Tumechuma kahawa tangu asubuhi. Mama mkwe kamwaga kapu langu kwenye mkeka, kisha kauliza kuna harusi gani hapa hata nimchumie za kutafuna. Maana za kutafuna, zile za kukaribishia wageni, ndizo huchumwa mbichi. Nusu ya kapu mbichi, kijani kabisa, kasema. Mimi niliona zote zimeiva. Nimezaliwa kwenye kahawa mimi! Eti nafanya makusudi, kwa hasira ya mtoto.

Jumamosi, 21 Juni

Nimejaribu kuzibonyeza — iliyoiva hulainika. Vidole havisikii kitu. Basi nikawa naziuma kidogo kidogo, moja moja, nimejificha nyuma ya migomba. Tamu, kapuni. Chungu, natema. Hadi saa sita sijafikisha robo kapu. Nikacheka peke yangu, kisha nikalia.

Jumatano, 25 Juni

Kliniki. Nesi Gloriose kanifungulia kile kitabu cha kupimia macho, cha nukta za rangi, chenye namba zilizojificha katikati. Kumi na mbili niliiona. Baada ya hapo, vumbi tupu. Lakini kitabu ni kile kile kila mwezi, kurasa zile zile! Nane. Ishirini na tisa. Tano. Nimezitiririsha kama sala. Kaandika: macho mazuri.

Kwenye benchi nilikuwa nimemsikia akimwambia mgonjwa mwenzangu, Adelard, kwamba macho yakisumbua kuna kidonge kinasimamishwa, na dozi huenda ikarefushwa. Kurefushwa! Ndiyo maana nilinyamaza. Mwongo mkubwa mimi. Nimerudi nyumbani Kimuli kwa bodaboda, macho nimeyafumba njia nzima.

Jumapili, 6 Julai

Kanisani nimeimba nilizokariri tu. Kwenye kitabu cha nyimbo naona ukungu tu.

Joanitha kapiga kwa simu ya bibi yake. Jino la mbele limeng'oka, kasema nikimwona nitacheka. Nikimwona! Nimemjibu nasubiri kwa hamu. Naogopa. Na sina wa kumwambia, maana nikisema, nitakuwa nimemchelewesha kurudi mimi mwenyewe.

Jumatatu, 14 Julai

Naandika herufi kubwa, mistari siioni. Bado siku kumi na nne tu!

Asubuhi nimemwamkia mzee mlangoni, shikamoo baba — kumbe Melkiory, mdogo wangu kabisa. Hakucheka. Akamuuliza mama mkwe huyu ana nini. Mama mkwe akaanza upya malalamiko yake ya kapu la kahawa mbichi. Melkiory katoka nje, karudi, kaniwekea punje mbili za kahawa kiganjani.

"Dada Felicitas, ipi imeiva?"

Hapa hakuna cha kukariri. Nimezitazama hadi machozi yakanitoka. Nikanyanyua moja.

Mama mkwe akasema, "Mawe!" — mama wee, kwa kilugha chetu; taratibu, si kwa hasira — akakaa kando yangu. Hajakaa karibu nami hivi tangu niugue. Mkono wake uko begani mwangu hata sasa ninapoandika.

Melkiory yuko uani, anaongea na nesi kwa simu. Vidonge vya leo viko mezani, kasema nisiviguse kwanza. Nasikia anataja macho. Nasikia anataja wiki, sijui wiki ngapi.

Hakuna aliyeniambia kama nilipatia. Punje zote mbili bado ninazo mkononi. Nikiuma moja nitajua.

Siumi.