Jina Nimeshabadilisha, Bado Kumwambia Baba

Mshauri wangu mpendwa, naomba msaada, usingizi umenihama. Mimi ni mhudumu wa mapokezi kwenye kliniki ya meno na nilipewa jina la bibi yangu, mama yake baba, jina zito la zamani ambalo kila nikijitaja kwenye simu wagonjwa wanadhani wanaongea na kikongwe, basi nikachoka, nikaenda kwa wakili, nikala kiapo kwamba nimeliacha kabisa na nimechukua jipya, wakili akasema kilichobaki ni tangazo gazetini ili mwenye pingamizi ajitokeze, nami nikasema sawa tu, nani anasoma matangazo, kumbe nimesahau baba yangu ni msahihishaji mstaafu wa kiwanda cha uchapaji, gazeti lenu analisoma lote mpaka zabuni za kuzibua mitaro, peni nyekundu mkononi, na tangazo linatoka kesho Ijumaa, na tangu nizaliwe hajawahi kuniita kwa jina, ananiita "mama", sasa ataona nimemkana mama yake, nifanyeje, nisafiri?

Mwenye Majina Mawili

Mwenye Majina Mawili,

Hongera kwa usiri. Umemwambia wakili, umewaambia watu wa matangazo, na sasa umeniambia mimi na wasomaji wangu wote. Amebaki mwenye mama tu.

Pole, lakini. Jina ni lako, wewe ni mtu mzima, na sheria haikudai ruhusa ya baba. Kuchoka kutaniwa si dhambi. Ila ulitegemea nini, kwamba mtu anayesahihisha zabuni za mitaro ataruka ukurasa wenye jina la mama yake? Na huko unakotaka kusafiri, mwenzangu, utaonyesha kitambulisho kipi?

Barua yako nimeichapisha leo makusudi. Omba ruhusa kazini, nenda kwa baba sasa hivi, umwambie kwa mdomo wako kwamba umelichoka jina, bibi hujamchoka. Atanuna. Muache anune, wewe kaa hapohapo na simu uizime. Akitaka kuleta pingamizi, msikilize mpaka mwisho. Ni haki yake, wewe mwenyewe umelilipia tangazo la kumwalika.

Na wewe mzee, najua umefika mstari huu. Weka peni chini, kamfungulie mlango. Akiingia, muite "mama" kama siku zote. Hilo halimo kwenye kiapo.