Kamera Mpya Zilitazama Viti Vyetu

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: mke wa marehemu, maarufu kama Mama Pacha. Umri: miaka 36. Kazi: mshonaji wa foronya za magodoro kiwandani. Makazi: nyumba za kupanga nyuma ya kiwanda hicho.

Nimekuja mwenyewe, sikuletwa na mtu. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, amekaa hapo nje. Afande ameniambia nianze mwanzo, nami naanza na kamera, maana bila hizo kamera nisingekuwa hapa.

Kiwandani kuna kamera za aina mbili. Za zamani zina waya mmoja mmoja hadi chumba cha mlinzi, zinarekodi kwenye kanda, na kanda ikijaa inarekodiwa tena juu yake. Picha yake ni ya kijivu, ina chengachenga, mtu na gunia huwezi kuwatofautisha. Mwaka huu tajiri, mwenye kiwanda, alileta mpya, za mtandao. Fundi aliyezifunga alitusifia kwamba zina rangi, zinavuta karibu hadi unaona uzi kwenye sindano, na tajiri anatuona kwa simu yake hata akiwa ng'ambo. Zina spika pia, kwa hiyo anaweza kutusemesha. Tulidhani zitafungwa kwenye lango la kupakilia, ambako malori yanaingia na watu wanaumia. Zilifungwa zote kwenye ukumbi wa kushona. Tajiri alisema wezi wa muda wako ndani. Lango likaachiwa ile kuukuu.

Tajiri ana tabia moja. Akimwona mtu kasimama, anapiga picha kutoka kwenye kamera, anamchorea duara jekundu, anaituma kwenye kundi la wafanyakazi kwenye simu ili tumcheke. Na tulikuwa tunacheka, kila mtu akiomba isiwe zamu yake.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, saa nne asubuhi, mume wangu alikuja kwenye mlango unaotoka ukumbini kwenda langoni. Yeye alikuwa mpakiaji. Aliomba ufunguo wa nyumba, kwa kuwa yeye ndiye angewachukua watoto shuleni. Nikainuka nikampa. Nikamwambia asiupoteze kama ule mwingine. Akasema, "Mke wangu, hata kichwa ningekipoteza kama kisingekuwa shingoni." Akacheka, akarudi nyuma ya lori lililokuwa linataka kuingia kinyumenyume. King'ora cha kurudi nyuma cha lori hilo kilikuwa kimekufa, kila mtu anajua, ndiyo maana msimamizi alimweka mtu wa kuliongoza kwa mikono. Mtu huyo alikuwa mume wangu.

Nilikuwa bado nimesimama namtazama simu zilipolia ukumbi mzima. Ilikuwa picha yangu na duara langu. Chini tajiri ameandika: "Mama Pacha, kiti chako kina miiba?" Wenzangu wakacheka. Nilikaa kama nilivyotakiwa, nikaupa mlango mgongo. Kwa hiyo lori lilipombana ukutani sikuona. Nilisikia watu wakipiga kelele, "Simama! Simama!" Tukakimbilia langoni, na sauti ya tajiri ikatoka kwenye kamera: "Nani kawaruhusu kutoka?" Mume wangu alikufa kabla gari la wagonjwa halijafika.

Tarehe 16 mimi na shemeji tuliitwa ofisini. Msimamizi alisema marehemu alikuwa amelala kwenye magodoro nyuma ya lori, na kwamba yeye mwenyewe hakuwepo langoni. Wakatuwekea kanda. Ilikuwa chenga tupu, na chini kabisa kitu cheusi kimelala. Msimamizi akasema, "Si huyo?" Nikamwambia, "Hilo ni rundo la magodoro." Akasema uchungu unanisumbua. Tayari watoto wangu wameulizwa shuleni kama ni kweli baba yao alikufa usingizini kazini. Marehemu hana mdomo, basi kila mwenye mdomo anajisemea.

Tukiwa njiani kurudi shemeji aliomba simu yangu. Hakunitazama mimi ndani ya duara, alivuta karibu mlango niliokuwa nautazama. Mume wangu amesimama pale, fulana ya machungwa, mikono yote miwili juu. Msimamizi yuko kwenye dirisha la dereva, uso wake umeelekea kamera, anaamuru kwa kidole. Hata saa imeandikwa pembeni. Tajiri alinipiga picha ili anidhalilishe, hakujua amenipiga na nani. Jioni hiyo nilitolewa kwenye kundi na picha ikafutwa, lakini kwenye simu yangu imebaki.

Namchukia tajiri, na afande aliandike hilo pia. Mume wangu hakuwa amelala. Nimesomewa niliyoyasema, ni yangu na ni ya kweli.

Sahihi: (ametia sahihi)

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika maelezo haya na kumsomea shahidi. Simu imepokelewa kama kielelezo. Shahidi amesema hiyo ndiyo picha ya mwisho ya mumewe, akaomba duara jekundu lifutwe kabla hatujaihifadhi. Nimemweleza kuwa kielelezo hakibadilishwi.
Koplo wa zamu.