Nilimcheka Mwamvua na Karatasi Zake

Shikamoo Bi Najat, naomba msaada kabla Mwamvua hajaondoka, maana wa kulaumiwa ni mimi. Tunatengeneza programu za simu, yeye na mimi, hapa Raskazone, na tulipoitwa na akina mama wanaolima mwani Mkwaja yeye alisema tuchore kwanza watakachokiona kwenye simu, tuwaonyeshe, ndipo tuandike programu yenyewe, nami nikamwambia mbele yao kwamba hayo ni mambo ya chekechea, nikajifungia miezi miwili nikaandika, haki ya Mungu ilikwenda mbio, lakini kuifungua tu ikauliza kilo, na wale mama shambani hawahesabu kilo, wanahesabu kamba walizofunga mwani, wakanirudishia simu. Mwamvua akatandaza karatasi zake mkekani, Bi Mastura, mwenyekiti wao, akabonyeza karatasi kwa kidole kama simu ya kweli, akasema, "Mwanangu, kamba zangu ziko wapi hapa?" Mwamvua akafuta, akazichora palepale, wakaanza kumwelekeza wenyewe huku wanacheka, Bi Najat, sijawahi kuona kazi nzuri namna ile. Wakatupa kazi, na walipouliza wazo lile la nani, nikasema langu. Mwamvua akakusanya karatasi zake. Jana kaniambia mwisho wa wiki anahama. Nimwambie nini?

Hosea, Tanga

Marahaba, Hosea. Lo! Barua yako nimeisoma mara mbili, na kila mara nimezidi kumpenda Mwamvua. Binti ana akili huyo, tena ana adabu: kamuuliza mwenye shamba kabla ya kujifanya anajua. Wewe umejenga nyumba hukumuuliza mwenyewe mlango ukae wapi. Hilo ni kosa la kazi, watu hujifunza. La pili ni wizi, simumunyi maneno.

Nakusifu kwa kuuona uzuri wa kazi ya mwenzio, wengi hawauoni. Ila unaniambia mimi wa nini? Usimnunulie zawadi wala usimtumie ujumbe. Mwombe mwende Mkwaja kabla ya wiki kwisha, akikataa, nenda peke yako, umwambie Bi Mastura na wenzake, "Nilisema uongo, kazi ni ya Mwamvua." Aibu itakuwasha, hutakufa. Ulimdharau hadharani, usimwombe radhi chumbani.

Kisha muulize kama atabaki, na kazi ijayo michoro yake itangulie. Akihama hata hivyo, ni haki yake. Na mteja akija kumuulizia, mpe namba yake.