Ulimi wa Mashini ya Divai

Rumonge

Mama yangu mupenzi,

Amahoro kwako huko Baraka. Goti linaendeleaje? Na fundi wa paa, amemaliza ao angali anakuambia "kesho"? Mimi niko muzima, ila nimechoka na ile mashini, nimechoka kabisa!

Unajua kazi yangu ni kuonja divai ya nanasi kabla haijatiwa kwenye chupa. Naonja, natema, nasema iko nzuri ao iko mubaya. (Natema, Mama. Umwambie pasta wa kanisa letu.) Sasa patroni, mwenye kiwanda, ameleta mashini kutoka Bujumbura. Iko na kapteri, vijiti vyembamba vya kuzamisha ndani ya glasi, halafu ekrani, kile kioo chake, inaonyesha kama divai ni tamu ao imechacha. Umeme ukikatika, tunaanza upya. Na umeme wa hapa unaujua.

Juma iliyopita mashini ikasema divai ya tanki kubwa inageuka siki. Nikaonja.

"Patroni, iko sawa."

"Mashini inakataa."

"Mashini haina mudomo!"

Tukagombana mbele ya watu wote. Mwishowe akamwita Odeta, mama anayetupikia. Hakujua tunagombania nini. Akaonja kidogo tu, akakunja uso: "Yesu wangu! Hii muitie kwenye saladi."

Mama, mimi sikusikia ukali wowote. Nikarudia kuonja, kama maji. Odeta akanipa pilipili, nikaitafuna nzima: moto nilisikia, ladha hapana. Akanishika mukono mpaka hospitali. Daktari anasema ni ile homa ya mafua iliyonilaza mwezi uliopita. Ladha inaweza kurudi, polepole. Inaweza! Nimepanga foleni asubuhi yote kwa neno hilo moja.

Afadhali mashini ingedanganya, ningeichukia vizuri. Patroni hakunifukuza, ameniweka nioshe vile vijiti, na ananisemesha taratibu kama mugonjwa. Hiyo ndiyo inaniudhi zaidi. Kila mutu ana shauri lake: limau, tangawizi, kufunga na kuomba. Wewe usinishauri, tafadhali. Niombee tu kimya kimya.

Unisalimie Mujomba mushona viatu, na mudogo wangu anayesomea uuguzi. Asinitumie majina ya dawa.

Jana Odeta alipika mboga ya lengalenga na ndagala, vile visamaki vya ziwa, akaniuliza kama chumvi inatosha. Nikamujibu inatosha.

Murakoze kwa kunisikiliza, Mama.

Binti yako,
Furaha