Makopo Yaliyovuka Rusumo

Kicukiro, Kigali
14 Juni 2025

Mpendwa dada yangu Alida,

Amani ya Bwana iwe nawe huko Kasulu. Mgongo unaendeleaje? Watoto hawajambo, na shemeji Bertrand? Sisi huku tunapumua. Mama mkwe bado anakohoa, ila kanisani anafika kwa miguu yake.

Tangu juzi nakupigia, simu haipatikani. Ya shemeji inaita tu. Ndiyo maana nampa jirani yangu Jean-Berchmans barua hii, anasafiri leo kuja huko. Dada, kama dukani kwako kuna siagi ya karanga yenye kifuniko cha kijani, iondoe kwenye rafu kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Inatoka kiwandani kwetu, kule Masoro. Unajua kazi yangu ni kukagua makopo kabla hayajapakiwa. Zamani tulikuwa na kifaa cha kunasa vyuma peke yake. Mwezi uliopita wakaleta mashine mpya inayopitisha mawimbi ndani ya kopo la plastiki lililofungwa, mawimbi ya aina ile ile ya jiko la microwave lakini hafifu sana. Yakikuta karanga tupu, picha kwenye skrini inakuwa ya rangi moja. Yakikuta kitu kingine, hata kipande cha plastiki au kioo, panatokea doa na kengele inalia.

Mwanzoni ilikuwa kimya. Jumatatu ya wiki hii ikatoa doa la kwanza, kisha la pili, kisha ikawa haiachi kulia. Nikafungua kopo moja nikalipekua kwa kijiko. Nikatoa kipande cha plastiki nyeupe, chembamba, chenye ncha kama mwiba wa samaki. Rangi yake na ya siagi huwezi kuzitofautisha kwa macho.

Valens, fundi wetu, akasimamisha pipa la kuchanganyia na kuingiza tochi. Mle ndani kuna kikwangua cha plastiki kinachozunguka. Akakizungusha kwa mkono.

"Audace," akasema, "nusu yake haiko."

Nusu nzima, dada. Na vile vipande tulivyokamata vyote vilienea kwenye kiganja changu. Vingine vilikuwa vimeshaondoka, labda kabla hata mashine haijaja.

Nikamwita meneja wetu, Clovis. Alitazama skrini, akatazama lori lililokuwa likingoja mlangoni.

"Hii mashine iko na woga kama wewe," akaniambia. "Valens, ipunguze ukali."

"Bosi, haijakosea hata mara moja," Valens akamjibu.

"Nimesema ipunguze!"

Valens ana watoto, simlaumu. Alibonyeza alivyoambiwa. Mkanda ukaanza kwenda, makopo yakapita moja baada ya jingine, na skrini ikabaki safi kabisa. Ule ukimya ulinitisha kuliko makelele yote ya siku ile. Nikapiga kitufe chekundu, kila kitu kikasimama. Clovis akaninyang'anya kitambulisho mbele ya wenzangu, akaniamuru nitoke.

Nilikwenda moja kwa moja kwa wakaguzi wa chakula na vile vipande mfukoni. Walikuja, hilo nawashukuru. Ghala limefungwa na Clovis anahojiwa. Lakini lori lilikuwa limeshaondoka. Lilivuka mpaka wa Rusumo likielekea Kigoma, na Kasulu iko njiani. Wamesema watawaarifu wenzao wa huko. Mimi siwezi kukaa nikingoja.

Waambie wenye maduka wote wa mtaa wenu. Wakikucheka, waache wacheke, ila rudi tena kesho uwaambie. Makopo msiyatupe jalalani, watu wataokota. Yafungieni mpaka wakaguzi wafike.

Nisalimie shemeji, na Mama Gisa jirani yako, na watoto wote. Namuwaza hasa Ingrid, binti yako wa mwisho, anayelamba kijiko cha siagi bila mkate. Akisema koo linamchoma au tumbo linamkata, usimpe dawa ya dukani wala usingoje kupambazuke. Mbebe mpaka hospitali, na kopo ulichukue.

Mungu awalinde katika kila mnachotia kinywani. Tafadhali, washa simu.

Ni mimi mdogo wako ninayekupenda,
Audace